Kwa Baba Mariamu, Kuhusu Yule Mwenye Wivu

Baba Mariamu wangu,

Umelala usikoweza kunijibu, na hilo nalo linanitia shaka, maana hata ulipokuwa hai maswali yangu uliyajibu kwa kujifanya umelala.

Unakumbuka mwishoni mwa miaka ya sabini, ulipopewa kuangalia turbini ya mvuke, ile ya kuzalisha umeme kwenye kiwanda cha sukari hapa kisiwani Nosy Be? Nilikuwa nashona. Nikakuuliza kazi yako ni nini hasa, kwa sababu mikono yako ilirudi misafi kupita kiasi. Ukaketi kando ya cherehani.

"Ukifika kwenye pindo nene mashine inalegea. Mguu wako unafanya nini?"

Unakanyaga zaidi, nikasema, na kwenye kitambaa chepesi naupunguza, la sivyo sindano inanikimbia.

Ukasema turbini ni hivyo hivyo, ila mguu wake ni vyuma viwili vinavyozunguka pamoja nayo. Ikienda mbio vinatanuka, vinavuta wenzo, mafuta yanasukuma vali, mvuke unabanwa. Vinu vya miwa vikiwashwa na mzigo ukaongezeka, kasi inashuka, vyuma vinajikunja, vali inafunguka. "Lakini jamaa huyu haongezi mvuke mpaka aone kasi imeshuka. Maneno haamini." Chombo hicho wenzako walikiita kidhibiti. Wewe ulikibandika jina la Mwenye Wivu, ukanitazama, ukacheka. Mimi sikucheka.

Nikauliza, naye akishindwa? Ukasema ipo pini nyingine: mwendo ukipita mpaka, inafunga mvuke wote, na haufunguki tena mpaka mtu aje airudishe kwa mkono wake. Nikakwambia hiyo pini ndiyo mimi.

Kila msimu wa miwa ulipokwisha ulimfungua Mwenye Wivu ukampeleka Mahajanga kubadilishwa springi. Springi gani hizo za kukuweka huko hadi watoto wasahau sauti yako? Ulirudi na shati lililopigwa pasi vizuri kuliko ninavyopiga mimi. Na mafuta ya mashine nayajua. Yale yalinukia udi. Nikikuuliza, unasema kwa fundi kuna foleni.

Nilipotoka eda nikapanda boti hadi Mahajanga. Karakana ya fundi wako ilikuwa imefungwa, mwenyewe alishakufa zamani. Jirani akanielekeza mtaa wa Ampisikina kwa mjane wake. Aliniamkia kwa Kimalagasi. Nilipotaja jina lako akahamia Kikomoro chetu na kuvuta mtandio. Mbona auvute?

"Nilimjua, dada," akasema. "Alikuja enzi za mume wangu, na baadaye pia. Akiketi kula, habari ni Mwenye Wivu wake wa Nosy Be. Leo Mwenye Wivu kanuna, kesho Mwenye Wivu hataki kuguswa."

Ulikuwa ukisema chuma, au mimi? Kama ni chuma, nimekukasirikia bure miaka yote hiyo. Kama ni mimi, ulikula chakula chake huku ukinisema, na sijui kama ulinisema kwa kuchoka au kwa kunikumbuka. Inaniuma, Baba Mariamu.

Nimemwalika aje tufunge pamoja Ramadhani hii. Majirani wananisifu kwa moyo mzuri. Sina. Ni yeye tu aliyebaki anayejua ulikuwa ukisema nini ukiwa mbali nami, nami nimekukosa mno.

Pumzika, ukiweza.

Mkeo,
wa pekee au wa kwanza, wewe ndiye unayejua