Mstari wa Tatu wa Fomu ya Nasra

Jumamosi, Agosti 2018. Richardson.

Saa tano asubuhi, na usukani wa gari tayari haushikiki kwa joto. Nimerudi ndani bila kufika dukani. Nimekaa mezani, na chini ya meza hiyo hiyo amekaa binti yangu Nasra, mwenye umri wa miaka mitano, anachora duara juu ya duara. Keshokutwa anaanza chekechea, ambayo huku ughaibuni imo ndani ya shule ya msingi. Tangu juzi mchana hadi leo asubuhi hakutamka sentensi moja kamili.

Nataka kuandika jinsi tulivyofika hapa, kwa mpangilio, kwa kuwa sijiamini nikiyawaza tu.

Kazi yangu ni kupima programu za kompyuta kabla hazijawafikia wateja. Nalipwa ili nisiamini. Programu ikifanya kazi mara kumi, mimi ndiye ninayeuliza mara ya kumi na moja itakuwaje. Tabia hiyo nimeileta nyumbani, na sikuwahi kuiona kuwa kasoro. Maandalizi ya Nasra niliyaendesha vivyo hivyo. Tulifanya mazoezi ya kufungua kopo la chakula, kuvaa viatu, kuandika jina, kunyoosha mkono kabla ya kusema. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alichukua suala la chooni, maana kule kuna karatasi tu na Nasra amekua akijua maji. Wawili hao walikubaliana juu ya chupa ndogo ya maji itakayokaa ndani ya begi na ambayo hataelezwa mtu yeyote. Kila kitu nilikiwekea alama ya vyema.

Ilibaki fomu.

Tulipewa mwezi Juni, siku ya kumwandikisha. Mstari wa kwanza jina, wa pili tarehe ya kuzaliwa. Mstari wa tatu ulitaka kujua ni lugha gani inayozungumzwa nyumbani mara nyingi. Niliusoma kama ninavyosoma mkataba. Kwa nini wanataka kujua? Jibu litahifadhiwa wapi, na nani atalisoma mtoto akiwa na miaka kumi? Swali fupi lisiloeleza sababu yake ndilo ninalolihofia kuliko yote. Niliomba kuichukua fomu nyumbani.

Jumapili iliyofuata nikaenda mji wa jirani, Carrollton, kwa rafiki yangu Kamau, Mkenya aliyetutangulia huku na ambaye watoto wake wamekwisha kupita njia hii. Hakuitazama hata ile karatasi.

"Baba Nasra, wacha nikwambie. Ukiandika Swahili wata-mu-test, halafu wampeleke kadarasa ka kando, na kutoka huko ni story ndefu. Andika English, maliza, enda nyumbani."

Mwanawe mkubwa akapita. Kamau akamuuliza kwa Kiswahili kama amekula. Kijana akajibu kwa Kiingereza bila kugeuza shingo. Kamau akanikonyeza. "Unaona huyo? Hakuna mtu atamsumbua."

Nikaandika Kiingereza.

Ukweli ni kwamba nyumba yetu ni ya Kiswahili kuanzia dari hadi zulia. Mama yangu alikuja kutoka Tanga Nasra alipozaliwa, akakaa nasi hadi mwaka jana. Ndiye aliyemfundisha kuongea, kupokea kitu kwa mikono miwili, na kutomkodolea macho mtu mzima. Kiingereza cha Nasra kimetoka kwenye katuni na foleni za dukani.

Mke wangu aliiona fomu juu ya friji.

"Umeandika uongo kwenye karatasi ya shule?"

"Nasra anajua Kiingereza."

"Anajua cha katuni. Wewe si ndiye unayewasema wenzako kazini wakiandika kitu kimepimwa na hawajakipima?"

Nikasema nina kikao, na kesho yake nikairudisha fomu shuleni.

Hapa ndipo ninapotakiwa kuwa mkweli. Palikuwa na njia mbili za kuondoa tofauti kati ya fomu na mtoto, nami nikachagua kumsahihisha mtoto. Kuanzia Julai nilianza kumsemesha Kiingereza. Aliponijibu kwa Kiswahili, nilinyamaza hadi ajaribu tena. Na Jumatano ya wiki hii, usiku, nikimfunika shuka, nilimpa agizo ambalo nililiona kuwa wazi kabisa: shuleni usiseme Kiswahili, mwalimu akikuuliza, Kiingereza tu.

Aliitikia kwa kichwa. Nasra ni mtiifu sana.

Alhamisi ilikuwa zamu yake ya kuonana na mwalimu peke yake kabla ya shule kufunguliwa. Niliketi nyuma yao kwenye kiti kilichonifikisha magoti kidevuni. Mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alimwonyesha picha moja baada ya nyingine: kijiko, kitanda, ufagio, ndizi. Hivi ni vitu ambavyo Nasra huvitaja kutwa nzima, hata pale ambapo hajaulizwa. Aliinamisha macho, akafunga midomo. Picha ya ndizi alianza kuisema, nikaona midomo ikiachana, kisha akalimeza neno. Alipoombwa aonyeshe kwa kidole, alionyesha zote bila kukosea hata moja.

Mwalimu alinitazama mimi kwanza, ndipo akaandika. Karatasi ilikuwa ya njano. Nilijaribu kuisoma kutoka upande wa pili, lakini alikuwa ameuweka mkono wake mahali ambapo ningeuweka mimi kama ningekuwa naficha kitu. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao sikuuamini, kama kuna lugha nyingine nyumbani.

Nikasema hapana.

Nasra alikuwa ananitazama. Mwalimu akaandika tena, safari hii akapiga mstari chini ya neno.

Ndani ya gari nilimuuliza kulikoni. Kimya. Jioni, kimya. Jana alikula, alicheza, alionyesha kwa kidole alichotaka, akavuta nguo ya mama yake alipomhitaji. Nami nikafanya ninachofanya siku zote programu inaposimama ghafla: nikatafuta mkosaji. Nilimshuku mwalimu, na ile miwani yake. Nilishuku picha zenyewe, kwani ni nani huku bado anatumia ufagio wa namna ile? Nilishuku masikio ya Nasra, nikasimama nyuma yake na kudondosha funguo. Akageuka mara moja. Nilimshuku hata mama yangu kwa kumzoesha kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Orodha yangu ilikuwa ndefu na nadhifu, na jina langu halikuwamo.

Leo saa tatu mama akapiga simu kutoka Tanga, kama kila Jumamosi. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwekea Nasra simu sikioni. Huwa wanataniana mpaka chaji iishe.

"Mke mwenzangu! Mbona kimya? Umeninunia? Babu yako nimekuachia jikoni anakusubiri, mimi simtaki tena, anakoroma."

Nasra alitabasamu. Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, akanirudishia simu.

Mama akasema, bila utani, "Mwanangu, huyo mtoto mmemfanya nini?"

Nilisema ana mafua. Huo ni uongo wa tatu, kama kuna anayehesabu.

Mke wangu alikuwa amerudi kutoka zamu na alisikia yote kutoka mlangoni. Alivua viatu, akaingia chini ya meza na sare yake ya hospitali, akakaa pale muda mrefu bila kuuliza chochote. Mimi nilibaki kwenye kiti, naona miguu minne tu. Hatimaye nikasikia sauti ndogo, iliyokauka kwa kutotumika.

"Mama, kijiko ni Kiswahili?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na ndizi?"

"Ndiyo."

"Na uji?"

"Na uji."

"Na Bibi?"

Miguu mikubwa ikasogea karibu na ile midogo.

"Na Baba?"

Siku mbili mwanangu hakuwa ameniita, na sikuwa nimeligundua hilo.

Sasa naliona kwa usahihi wote. Nilimkataza lugha mtoto ambaye hajui kuwa lugha ni mbili. Kwake kuna maneno tu, yote yamo katika mfuko mmoja, na hakuna aliyemwonyesha yapi yamekatazwa. Kila neno likawa na hatari. Hakukosea, alifanya ambacho ningefanya mimi nisipoweza kutenganisha salama na hatari: alisimamisha kila kitu. Na alipomwona baba yake akiulizwa na mwalimu na kukana, akapata uthibitisho kwamba jambo lenyewe ni la kuogopwa kweli.

Mashaka yangu kwa shule hayajaondoka, nisijifanye. Bado sijui ile karatasi ya njano inasema nini. Inawezekana Kamau yuko sahihi, Nasra akapelekwa darasa la kando na akakawia kutoka. Inawezekana pia kwamba mwalimu aliuliza kwa sababu alitaka kumsaidia tu. Sina ushahidi wa upande wowote. Ninao ushahidi wa nilichokifanya mimi tu.

Nimekaa tangu niliporudi ndani nikiandika nitakachomwambia mwalimu. Rasimu ya kwanza ilisema kulikuwa na kutoelewana kuhusu swali. Niliifuta, nililielewa swali vizuri kuliko aliyelitunga. Ya pili ilimtaja rafiki aliyenishauri. Nikaifuta pia. Ya tatu ina sentensi tatu: Mstari wa tatu niliujaza kwa uongo, na Alhamisi nikaurudia kwa mdomo. Nyumbani tunazungumza Kiswahili. Nasra anavijua vitu vyote ulivyomwonyesha.

Nilipokuwa naisoma kwa mara ya mwisho, nimeguswa goti.

"Baba, nataka uji."

Amesema, kisha akaganda, anasubiri kuona kama amekosea.

"Haya, mama," nimemjibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Uji unakuja."

Hakurudi kwenye michoro yake. Alimtazama kwanza mama yake, aliyejilaza kwenye kochi, na mama yake alipoitikia kwa kichwa ndipo akaniamini. Ni haki yake. Mimi ndiye niliyemfundisha kuhakiki.

Jumatatu, kabla ya kengele, nitakuwa ofisini kwao kuomba ile fomu. Kalamu nitakwenda nayo mwenyewe.