Propela ya Baba Inanuka Samli

Nkololo, Bariadi
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Magese,

Mwangaluka! Mnaendeleaje huko Mtwara? Winnie na watoto hawajambo? Sisi tunapumua tu, mvua bado na ng'ombe wamekonda. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu Baba anasikia kila neno.

Jamani, hiyo propela imenichosha! Ulituma kopo la vanishi, ukasema niing'arishe ili wakwe zako waikute ukutani Desemba. Rahisi kusema ukiwa Mtwara.

Nimeipiga msasa mpaka mabega yakauma, nikapaka vanishi. Haikukauka! Ilinata tu, manyoya ya kuku yakajaa. Nikamwita fundi Josia. Akainusa, akacheka weee, akasema mbao hii imeshiba samli.

Nani kama si Baba? Tangu ile ndege ndogo ianguke malishoni kwetu, na rubani amwachie propela iliyopasuka, anaipaka samli kama kigoda chake, eti isizidi kupasuka. Nikaifuta kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, nikaanza upya. Nikigeuka tu, huyo na kibuyu chake cha samli! Nilifoka, Magese. Nikaifungia stoo, nikaziba ule ufa, nikapaka vanishi mpaka ikang'aa.

Jana mchana nikamwekea mapajani, nikingoja sifa. Akapapasa, akarudia kupapasa. Kisha akaniuliza, "Milembe, ya kwangu mmeipeleka wapi?"

Jua lilikuwa linawaka, na propela iko mapajani pake.

Haoni, mdogo wangu. Anasema ni muda sasa, na amenikataza nisikuambie, eti utaacha kazi. Nimemkasirikia yeye, nimeikasirikia vanishi yako, halafu nimeingia jikoni nikalia. Baba hataki hata kusikia habari za daktari wa macho. Njoo wewe, usingoje Desemba. Mimi ananibishia, wewe atakusikiliza.

Shangazi Nkinda wa Lamadi anakusalimu, dagaa wako amewaweka. Wasalimie Winnie, watoto na mama mkwe. Mungu akushike mkono njia nzima.

Leo asubuhi nimechukua kisu, nikauzibua ule ufa. Vanishi yote imebanduka pale, imekuwa mbaya kweli. Baba ameupata ufa kwa kidole, akaijua ni yake, akacheka, akaniagiza kibuyu. Nimempa. Wakwe zako watatusamehe.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikifoka,
Milembe