Ulisema ni Panga

Papa,

Usidhani nimekaa kuandika kwa sababu ya machozi. Machozi niliyamaliza juma la kwanza, mbele ya watu, kama inavyotakiwa, na shangazi zangu wote ni mashahidi. Naandika kwa sababu nimekasirika, na mtu ninayetaka kumkasirikia amelala kule juu kwenye mikaratusi, chini ya saruji ambayo haijapata hata ufa. Ungekuwa hai ningekuja mbele yako, ungecheka, ungenipa ndoo nikachote maji ya chui, na hasira yangu ingeishia kisimani. Sasa huna pa kunituma. Utasikiliza mpaka mwisho.

Nianze na habari. Chui wako wote watatu ni wazima. Wale madume wawili uliowatoa njia ya Eringeti wakiwa wadogo, ndani ya gunia la makaa, bado wanagombania kivuli kimoja wakati vivuli viko vinne. Kavira amenenepa. Daktari wa wanyama alifika kutoka Beni siku ileile aliyoahidi, akamdunga sindano ya usingizi, akaling'oa lile jino lililooza kwa muda ambao sufuria ya chai haijachemka. Ni jino hilohilo, Papa. Ungesubiri siku nne tu.

Hilo la jina pia sijakusamehe. Kwetu msichana wa kwanza ni Masika, na wa pili ni Kavira. Mimi ni Masika, na wewe na Mama hamkupata msichana wa pili. Jina lilikaa nyumbani bila mwenyewe, mpaka ulipomfungua yule chui kwenye mnyororo nyuma ya baa moja ya Beni, mahali walevi walipokuwa wakimtupia vifuniko vya chupa wapate kumsikia akinguruma. Ukamleta Butembo juu ya gari la vitunguu, ukampa jina la mdogo wangu. Mama hakulitamka hata mara moja mpaka anafariki, alisema tu "ile nyama yako", yaani mnyama wako. Mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikafikiri unatania.

Hukuwa unatania. Jumapili ulikuwa ukitoka misa na viatu vyako vya kanisani unakwenda moja kwa moja kwenye uzio, unamhadithia mahubiri. Mimi niliyekuwa nimeketi karibu nawe kanisani sikuulizwa nimesikia nini. Kavira alikuwa analala chali, anakusikiliza, au anajifanya. Nikikuita chakula kinapoa, ulikuwa unanijibu, "Ngoja, tuko kwa Evangile," Injili ya siku hiyo. Hadi leo nikipita hapo Jumapili naharakisha hatua.

Sasa tuongee juu ya ile asubuhi.

Uliandika kwa mkono wako, rangi nyeupe, kwenye ubao ulioupigilia misumari mlangoni pa banda la chui: "Hapana kuingia peke yako. Funga mulango ya pili kwanza. Hata ukiwa mukubwa." Miaka kumi na mmoja mimi ndiye niliyeshika kamba ya ule mlango wa pili. Mkono wangu una sugu ya kamba hiyo. Asubuhi ile Kavira alikuwa hajala siku mbili, shavu limevimba, na wewe ukanituma ndoo. Nilikwenda kuleta ndoo. Niliporudi nilikukuta umeketi nje ya banda, umezungushia koti mkononi, damu inapita kwenye koti, na unatabasamu. Ulikuwa umeingia peke yako, ukamfungua mdomo mnyama mwenye jino bovu, akakuuma mara moja, ukavuta mkono na ngozi ikachanika. Yeye alikuwa kule kwenye kona amejikunja, anatetemeka kuliko wewe.

Halafu ukasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka mabega yanauma. "Masika, ni panga. Umesikia? Nilikuwa nakata matawi. Batu bakijua ni yeye, batamuua. Apa." Ukaushika mkono wangu kwa ule mzima. Nikaapa. Niliapa haraka kwa sababu nilitaka twende kutibiwa, na wewe ulijua ndiyo sababu.

Kwenye zahanati muuguzi aliuliza, ukajibu panga. Aliniangalia, nami nikasema panga. Akaosha, akashona vizuri, mstari umenyooka, ukamsifu kwamba angeweza kushona suti. Sitamlaumu, alitibu alichoambiwa. Baadaye, ukweli ulipokwisha kujulikana, yule daktari wa wanyama alinieleza bila kunionea huruma: meno ya chui yanaingia mbali na kupeleka uchafu ndani kabisa, kidonda cha namna hiyo husafishwa mpaka chini na kuachwa wazi, na ukikishona umefungia ugonjwa ndani ya nyumba. Muuguzi angejua ni meno, asingeshona. Siku ya tatu mkono ukawa mweusi, na hata hapo nilipokuomba tuseme ukweli ulitikisa kichwa. Siku ya tisa ulikufa. Kavira alikuuma, lakini aliyekuua ni panga ambalo halikuwepo, na mimi nilisaidia kulinoa.

Unafikiri iliishia hapo. Wewe ulilala, ukapumzika. Mimi nilibaki na maziko.

Unaijua desturi. Kabla sanduku halijashuka, mtu wa nyumbani anasimama na kueleza historia ya ugonjwa, kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho, ili watu warudi kwao bila maswali. Nyumbani kulikuwa na mimi tu. Nikasimama mbele ya mtaa mzima wa Kimemi, mbele ya padri, mbele ya sanduku lako, nikaeleza panga. Nikaona nyuso zao. Mtu mwenye nguvu kama wewe, kidonda kimeoshwa na kushonwa, anakufa siku ya tisa. Mdogo wako Kambale hakungoja hata udongo ukauke. "Panga gani hii? Mugonjwa alikuwa anakunywa uji ya nani?"

Uji ulikuwa wa Mama Kyakimwa. Jirani yetu yule yule uliyekuwa ukimwita adui wa taifa, ambaye uzio wetu ndio ukuta wake, ambaye kuku wake waliacha kutaga kwa sababu ya ngurumo, na ambaye alikwenda mara tatu kwa mkuu wa mtaa kutushitaki. Ulipolala kitandani alikuja kila asubuhi na termosi ya uji wa mtama. Anaweka, anasema, "Paluku, kunywa, upone, nikushitaki tena." Ulicheka mpaka ukakohoa. Ni mtu pekee aliyekuchekesha siku zile, na ulimwacha asingiziwe.

Basi neno sumu likaanza kutembea. Unajua linavyotembea hapa Butembo, halihitaji pikipiki. Sokoni wanawake waliacha kununua nyanya zake. Vijana wa mtaa walirusha mawe juu ya bati lake mchana kweupe, watu wanapita na kusalimiana. Kila asubuhi alitoka na ufagio, akayakusanya mawe fungu moja karibu na mlango, akaenda shambani. Watoto wake aliwapeleka kwa dada yake kule Mulekera, kwa sababu shuleni walikuwa wanaitwa batoto ya mulozi, watoto wa mchawi. Siku moja aliniita juu ya uzio. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Masika, weye njo ulikuwa unaonja ile uji mbele ya papa yako. Hapana unaweza kubaambia?" Nilimjibu kwamba niko na kazi. Kisha nikachukua ndoo nikaenda kwa chui.

Nilinyamaza siku arobaini, Papa. Kwa ajili ya kiapo chako. Nilikuwa nawapelekea chui wako nyama, huku mwanamke aliyekulisha anafagia mawe.

Siku ya kuondoa matanga Kambale alimwita aje kujibu mbele ya ukoo. Alikuja peke yake, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Kando ya mlango wa uani palikuwa na kidumu cha petroli. Hakuna aliyekigusa, na hakuna aliyeuliza kimeletwa na nani. Kambale akaanza kuuliza maswali yake, uji ulipikwa wapi, mtama ulitoka wapi, nani aliona. Mimi nilikuwa nagawa chai. Nikaweka sinia chini.

Sikusema vizuri. Nilipanga maneno siku nyingi, na yote yalinikimbia. Nilisema, "Ni Kavira. Chui njo alimuuma. Papa aliniapisha, na miye nilidanganya kwa kaburi." Nikaonyesha koti lako, sijalifua hadi leo, matobo ya meno yapo. Shangazi mmoja akaanza kulia upya, kana kwamba umekufa mara ya pili. Mama Kyakimwa hakunitazama.

Kambale aliweka kikombe chini. Halafu akasimama, na vijana wakasimama naye, na mapanga yakatokea, ya kweli safari hii. "Basi tunaenda kuua ile nyama. Sasa hivi." Ndicho ulichokiogopa, neno kwa neno. Nilikimbia nikajiweka mlangoni pa banda, ingawa niliona wana haki kuliko mimi.

Aliyewasimamisha ni yeye. Alikuwa bado ameketi. "Kambale, ngoja kwanza. Muliniita mulozi siku arobaini. Mbuzi yangu iko wapi?"

Hapo hata wewe ungekaa chini. Anayemsingizia mtu uchawi au sumu analeta mbuzi wa kumsafisha, mbuzi anachinjwa kwa aliyesingiziwa, msingiziaji anakula wa kwanza, na mpaka nyama iishe hakuna jambo lingine linalofanyika juu ya kifo hicho. Waliokula pamoja mbuzi huyo hawafuatani tena kwa kesi hiyo maisha yao yote. Kambale anaijua desturi hii kuliko sala ya Baba Yetu, ni yeye aliyewahi kuwalipisha watu. Aliweka panga chini, amenuna.

Kesho yake alileta mbuzi, dume zuri, hawezi kuaibika kwa mbuzi mdogo. Akachinjwa uani kwa Mama Kyakimwa, karibu na lile fungu la mawe ambalo alikataa kuliondoa. Kambale akawa wa kwanza, akala ini, vijana wakala, nikala na mimi. Kisha Mama Kyakimwa akakata paja zima, bichi, akanipa. "Twende." Watu wakafuata bila kuelewa, wanatafuna. Tulipofika bandani akaniambia nilitie ndani. Nikalipitisha kwenye kidirisha cha chini, na Kavira akalichukua polepole, kwa upande ule ambao hauna tena jino bovu, akalala nalo.

Mama Kyakimwa akamgeukia mdogo wako. "Kambale, umekula. Na yeye anakula. Affaire imeisha."

Ningependa ungeona uso wa Kambale kesi ilipokwisha hivyo, vidole bado vina mafuta. Akavifuta kwenye suruali. Mzee mmoja wa ukoo alianza kucheka, akajidai anakohoa. Walirudi nyumbani mmoja mmoja. Nami nilipotaka kumshukuru, mama yule akanikata. "Miye hapana penda ile nyama, harufu yake inaniua. Lakini hapana yeye njo alidanganya batu." Alisema hivyo akinitazama machoni, akaenda kuosha visu vyake.

Watoto wake wamerudi kutoka Mulekera. Nyanya zake zinanunuliwa. Ameshitaki ngurumo kwa mara ya nne, na mkuu wa mtaa ametulazimisha tujenge uzio wa pili, tumeujenga. Lakini hanisalimii kama zamani. Nilimwomba msamaha mara moja, alisema amesikia. Sina haki ya kudai zaidi.

Kwa hiyo nakuuliza, kwa kuwa huwezi kunikatiza. Uliwahi hata mara moja, katika zile siku tisa, kumfikiria mtu mwingine zaidi ya Kavira? Ulisema unamwokoa. Aliyemwokoa ni mwanamke asiyempenda, kwa kusema ukweli mchana mbele ya watu. Wewe ulimpenda, ukadanganya, ukatuachia petroli mlangoni. Kuna asubuhi ninaamka nakuchukia kabisa, Papa. Halafu nawasha moto, nachoma viazi vitamu, namega kimoja kama ulivyokuwa ukimega, kipande kikubwa unanipa mimi na kidogo unatia mdomoni mwako bado kinaunguza, na ninabaki na vipande viwili mkononi. Sijui nifanye nini navyo. Navila vyote viwili.

Lala basi. Sitakuja kaburini mwezi huu wala ujao, usinitegee masikio. Nikija nitakuja nimepoa. Kavira naendelea naye, si kwa kiapo chako, hicho nimekivunja na sijutii, ila kwa sababu ananijua na mimi namjua.

Na ninakuahidi hili. Ipo siku ataniuma, maana ni chui. Siku hiyo nitamwambia muuguzi ni chui, nitamwambia Mama Kyakimwa ni chui, nitamwambia Kambale ni chui kabla damu haijakauka. Na wakija kutaka kumuua, watalazimika kubishana na mimi nikiwa hai.

Masika