Mama Mkwe wa Binti Yangu Alimwaga Geuze Yangu Kwenye Begonia

Mjomba Staf, nisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili ikiharibika sina mtoto tena. Mimi nina baa huku mashambani, Pajottenland, ya babu, kisha ya baba, sasa yangu, tunauza bia chachu ya hapahapa, ile inayolala ndani ya pipa hata miaka mitatu, na nina binti mmoja tu, Hilde, amepata mchumba wa Ostende, Wannes, kijana mzuri, na mwezi uliopita akawaleta wazazi wake waje kuniona, watu wa pwani ambao maisha yao yote wamekunywa bia ya kawaida ya njano, nami kwa kuwaheshimu nikashuka ghalani nikapanda na geuze, mchanganyiko wa bia hiyohiyo chachu, ya miaka minane, chupa nimeilaza kwenye kikapu kama mtoto mchanga isitikisike, nikawajazia glasi, nikasimama nangoja sifa.

Mama mtu, Bibi Mireille, akapiga funda moja, uso ukajikunja kama soksi iliyokamuliwa, akasema, "Baba Hilde, samahani, hii imeshaharibika." Nikacheka, nikamwambia aonje tena, akaonja, akasema, "Hii siki, baba. Mimi kwangu hii nasugulia birika." Kisha akadhani simwoni, akaimwaga kwenye chungu cha maua, zile begonia za marehemu mke wangu, nami, Mungu anisamehe, nikasema mbele ya wote, "Mama, bia ni nzima, kilichoharibika ni ulimi wako."

Wakavaa makoti. Hilde hakunipigia simu wiki tatu, jana ndio ametuma ujumbe kwamba wanakuja Jumapili, mara ya mwisho, na nikimwaibisha tena, habari za harusi yake nitazisikia kwa majirani. Sasa niwape nini? Wateja wangu wanasema nifungue ya miaka kumi, ndipo wataelewa. Mmoja alisema nitie sukari, nikamfukuza, sukari haijaingia baa hii tangu nilipoirithi. Nisalimu amri, Mjomba? Na ajabu ni kwamba zile begonia hazijachanua hivi tangu mwenyewe alipofariki.

Gaston Walravens

*

Gaston, kichwa pipa wewe,

Mimi nimekunywa bia katika bandari kumi na tisa na kufukuzwa katika nne. Shule niliiacha darasa la sita, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Kwa hiyo nikikuambia umefanya ujinga, jua umepimwa na fundi.

Pole kwa simu isiyolia, najua nyumba inavyokuwa kubwa. Lakini mtu hajawahi kuogelea, wewe unamsukuma mferejini mwezi wa Desemba, halafu unamtukana kwa kuzama! Hiyo heshima gani? Ulitaka kusifiwa, basi. Na hao washauri wako wa chupa ya miaka kumi, Jumapili wafungie mlango.

Anza na chakula: mkate, jibini laini, figili, chumvi usiionee haya. Tumbo likitulia, ulimi nao unapata subira. Halafu leta kriek, bia ya cheri, kwenye glasi ndogo, iwe ya baridi. Si ile kavu unayojifichia, mlaghai wewe. Chagua laini, tunda limshike mama mkono na uchachu umfuate nyuma polepole. Akitabasamu, mpe faro, bia yetu ileile iliyotiwa sukari. Mababu waliinywa na hakuna aliyewaita waoga. Geuze usiitaje mpaka aiulizie mwenyewe, na akiiulizia, iwe changa. Asipouliza, chemsha kahawa. Hotuba yako kuhusu mapipa sitaki isikike mpaka huku kwangu.

Eti sukari haijaingia baa hiyo! Nimekunywa kwa babu yako, Gaston, nikiwa bado na nywele. Kila meza ilikuwa na kisahani cha vidonge vya sukari na mchi mdogo wa chuma, mteja anaponda mwenyewe ndani ya glasi mpaka bia inyweke. Babu yako alikuwa akiponda vidonge viwili. Vitatu, bibi akiwa kanisani. Mchi ule umo kwenye droo ya kushoto chini ya kaunta, kama hukuutupa kwa kiburi.

Utoe. Usafishe. Jumapili ponda glasi yako ya kwanza mbele ya huyo mama, uinywe yote, umwambie: "Mama Wannes, siku ile nilikosa." Maneno matano. La sita limeze.

Bia unaipa miaka mitatu kabla hujaihukumu. Mama wa watu ulimpa mafunda mawili.

Na akielekea tena kwenye begonia, wewe tazama dirishani. Mkeo alikupenda mno hata asikuambie, lakini mimi nilikuwa nakaa meza ya kona: miaka ishirini na mbili, kila glasi uliyommiminia iliishia kwenye chungu hichohicho.

Mjomba Staf