Usitie Tini Kwenye Keki ya Mama

Dada,

Usitie tini kwenye keki ambayo Mama ataipeleka hotelini kuombea kazi. Zina funza! Nilimwambia asubuhi, akanijibu, "Mizaha yako kaimalizie bwenini," akatoka. Mpishi mkuu akitafuna funza, kazi Mama aisahau.

Tumia ~~zabibu~~ tende, ndizo laini kama tini. Ziloweke kwenye maji moto, uzikatekate, upunguze sukari maana tende ni tamu zaidi. Tia ufuta, kinywani usikike kama mbegu za tini.

Ndiyo, juzi niliweka chumvi kwenye kopo la sukari. Leo nimeionja, ni sukari. Huniamini? Funua kikombe hiki nilichofunikia tini moja. Anayetembea ndani ya tini hiyo sikumweka mimi.

Basi la shule linapiga honi. Mwambie Mama hakuniaga.

Mdogo wako,
msema kweli wa leo