Onyo Lisiloonekana Kwenye Simu

Ngendakumana, nimetoka kwenye mafunzo ya kompyuta na hasira tele.

Unaijua ile fomu ya mtandaoni ya waliokimbia vita kule Luvungi. Ina onyo linalojitokeza tu ukisimamisha mshale wa kipanya juu ya swali: "Usiandike mahali unapojificha, wenye silaha wanaweza kusoma." Programu niliyoiandika darasani kuijaribu ilisoma fomu yote, mahali pa onyo ikakuta patupu. Nikaiagiza isogeze mshale kwanza. Onyo likatokea!

Nikamwambia Thierry, mwalimu wetu: "Watu wanajaza kwa simu. Simu haina mshale. Hawalioni!"

Akacheka. "Papa, jaribio yako imepita, weye unalalamikia nini tena?"

Imepita! Mbele ya darasa lote!

Nikafungua majibu yaliyokwisha kuingia. La kwanza ni la dada yangu Pélagie. Ameandika mpaka rangi ya mlango wa nyumba anamojificha.