Alama ya Sikio la Ndama

Dada Wambui,

Pokea salamu kutoka Kajiado, penye vumbi na maziwa yanayonukia moshi. Nilikuja nikitumaini mama mkwe atanizuia kuhamia Ujerumani kutafuta matibabu ya moyo wa Nasieku. Nilikuwa nimejishawishi kwamba mtoto mgonjwa huhitaji jamaa kwanza.

Asubuhi mama mkwe alikata sikio la ndama, akaweka alama ya mjukuu wake. Nasieku alipumzika mara tatu kabla ya kufika zizini.

“Huyu ni wako, hata ukirudi unaongea kama mzungu,” bibi yake akamwambia. Kisha akanigeukia. “Enda na yeye, Mama Nasieku. Mimi nilizika watoto wawili hapa, huku watu wote wa boma wamenizunguka.”

Tutaondoka, ingawa sijui kama huu ni uamuzi au woga. Mungu awalinde hapo Kitengela, nawe umtaje Nasieku kwa jina unapoomba.

Mdogo wako,
Njeri